Wastaafu wakisafiri na mvua, neno "tusimame" liwe la wote wawili

Ujumbe wa sauti unaingia kwenye kundi la familia jioni moja ya Aprili. Ni baba. Anasema yeye na mama wameamua kwenda nyumbani Kitandililo kwa gari lao wenyewe. Wataondoka Dar es Salaam Jumatatu, watalala njiani, na hakuna haja ya mtu kuhangaika.

Watoto wanahangaika. Mmoja anaandika: "Baba, kwa mvua hizi? Si mpande basi tu." Mwingine anatuma video ya gari linalosombwa na maji. Wa tatu anampigia mama pembeni, amwombe amzuie mzee. Mama anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema: "Mwanangu, na mimi nataka kwenda."

Wanandoa hawa ni wa mfano, lakini mzazi unayesoma hapa huenda umeshawatambua. Mume alikuwa mwalimu hadi alipofikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Mke alikuwa muuguzi. Kwa miaka yote hiyo safari zao za nyumbani zilikuwa za msiba au za likizo ya kuhesabu siku. Sehemu ya kiinua mgongo ilinunua Noah ya mtumba. Wametoa viti vya nyuma, wakaweka godoro, mablanketi, jiko dogo la gesi na dumu la maji. Hiyo ndiyo nyumba yao ya magurudumu.

Si wazimu. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hupitiwa na wageni wenye magari ya kulala ndani. Mjerumani Gunther Holtorf na mkewe Christine walizunguka dunia kwa miaka mingi wakilala ndani ya gari lao aina ya Mercedes. Christine alifariki mwaka 2010, naye Holtorf akaendelea hadi 2014, gari likiwa limetembea karibu kilometa 900,000. Umri peke yake haumzuii mtu kusafiri.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wazee si "kwa nini mnakwenda?" Swali ni "nani kati yenu ana haki ya kusema tusimame?"

Mvua za aina mbili

Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako ni zaidi ya kilometa 600, kupitia Morogoro, hifadhi ya Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa na Mafinga. Anayesafiri Aprili anaondoka pwani katikati ya masika, mvua za Machi hadi Mei. Akifika Nyanda za Juu anakutana na mwisho wa mvua za msimu, zilizoanza Novemba. Huko udongo umeshiba maji kwa miezi mitano, hivyo mvua ya saa moja tu inaweza kujaza kijito ambacho asubuhi kilivukwa na watoto wa shule.

Mwaka 2024 bado haujasahaulika. Tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua kubwa na mafuriko ya msimu ule. Siku chache baadaye kilikuja kimbunga Hidaya, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Wasafiri walikwama, wengine na watoto wadogo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa siku tano unaoonyesha maeneo yanayotarajiwa kupata hali mbaya. Mtoto mwenye simu nzuri na bando anaweza kuwafanyia wazazi kazi moja ya maana: kuusoma kila jioni na kuwaambia kwa maneno mafupi. "Kesho Iringa mvua kubwa, lalieni Morogoro siku ya pili." Ujumbe huo unasaidia kuliko video kumi za ajali.

Anayekaa kushoto

Katika ndoa nyingi za umri huu, usukani ni wa mzee. Mama hukaa kushoto, anamenya chungwa, anatazama njia. Anaona kinachotokea mapema kuliko dereva, maana macho yake hayana kazi nyingine. Anaona ukungu unashuka baada ya Mafinga. Anaona mzee amefumba na kufumbua macho mara tatu taa za lori zilipompiga. Lakini miaka 40 ya ndoa imemfundisha kwamba kumwambia mume apunguze mwendo ni kumkosoa, hivyo ananyamaza.

Ukimya huo ndio wa kuogopwa. Kabla ya kuwasha gari, wazee wakubaliane kwamba mmoja akisema "tusimame," gari linasimama mahali salama pa kwanza, bila kuulizana. Maelezo yatakuja gari likiwa limeegeshwa. Hakuna aliyeshindwa wala aliyeogopa.

Sheria nyingine ndogo zinafuata hapo:

Wasiendeshe usiku. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea mwanga kidogo kuliko la kijana na huchelewa kutulia likimulikwa. Lami yenye maji huzidisha tatizo. Saa kumi na moja jioni wawe wameshapata pa kulala.

Waongeze nafasi. Penye ukavu, dereva huachwa nyuma ya gari la mbele kwa angalau sekunde mbili. Kwenye mvua ziwe nne au zaidi. Mama anaweza kuhesabu kwa sauti tangu gari la mbele lipite nguzo. Tairi likianza kuelea juu ya maji na usukani ukawa mwepesi, mguu utoke polepole kwenye mafuta, breki isikanyagwe kwa nguvu.

Dawa zikae mbele. Za presha na sukari zisiwekwe kwenye begi chini ya godoro. Baadhi ya dawa za presha huongeza haja ndogo, na mzee akiona aibu ya kusimama kila mara ataacha kunywa maji, au ataacha dawa yenyewe. Wasimame kila baada ya saa mbili, washuke, watembee kidogo ili damu ya miguuni isitulie.

Jiko lisiwashwe ndani ya gari wakiwa wamelala. Baridi ya Njombe inashawishi. Lakini jiko la mkaa au la gesi katika nafasi iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Injini nayo izimwe. Blanketi la ziada linatosha. Gari lilale penye mlinzi, kama kituo cha mafuta au yadi ya nyumba ya wageni, mbali na ukingo wa mto na chini ya kilima.

Pale karibu na nyumbani

Wengi huogopa Kitonga, na ni haki yake: kona kali, mteremko, malori yanayopanda kwa taabu. Lakini kwa sababu wanaiogopa, huwa waangalifu. Wanandoa wetu wameipita salama, wamelala Iringa, na siku ya tatu alasiri wako Makambako, njia panda ya kwenda Mbeya na ya kwenda Njombe na Songea. Wamekunywa chai. Kilichobaki ni kuiacha lami na kuingia Kitandililo, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji Makambako.

Hapo ndipo pa hatari. Ni saa kumi na moja na nusu. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Mbele yao maji ya rangi ya udongo yanakatisha barabara, na ng'ambo kuna njia ambayo mzee aliitembea kwa miguu akiwa mtoto. Lori limepita sasa hivi bila shida. Simu inaita, ni mtoto wa kwanza: "Mmefika?"

"Bado kidogo tu," mzee anajibu, mguu ukiwa juu ya mafuta.

Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 30 yanaweza kulielea gari dogo, na sentimeta 60 huyachukua magari mengi, hata yale makubwa ya familia. Kuijua njia hakusaidii, kwa sababu chini ya maji njia yenyewe inaweza kuwa haipo tena. Na lori la tani nyingi haliwezi kuwa kipimo cha Noah.

"Baba, tusimame," mama anasema.

Mzee anatazama maji, anamtazama mkewe. Nyumbani kuna watu wamechinja kuku. Kurudi Makambako ni kulipa chumba, ni kuwaambia watoto kwamba walikuwa sahihi. Anavuta pumzi. Anaweka gia ya nyuma.

Mzazi unayesoma, angalia tena ile simu. Mtoto hakuwa na nia mbaya, lakini swali la "mmefika?" kwa mtu aliye njiani humsukuma mbele. Afadhali kuuliza, "Mmesimama wapi leo?" Swali hilo linawaambia wazee kwamba kusimama ni sehemu ya safari. Na aliyeko nyumbani akisubiri aseme mapema: "Mkichelewa, chakula kitawasubiri." Kuku anaweza kupashwa moto kesho.

Somo hilo linawahusu hata wasiostaafu. Watoto waliokaa kiti cha nyuma wanaona jinsi baba anavyolipokea neno la mama. Akilipuuza, nao watalipuuza siku watakayoshika usukani.

Asubuhi maji yamepungua. Vijana wa kijijini wametangulia na fimbo kupima kina, na sehemu ya barabara iliyoliwa pembeni sasa inaonekana wazi, upande uleule ambao mzee alipanga kupita. Wanasubiri hadi saa nne, wanapita upande mwingine taratibu. Ng'ambo wanapokelewa kwa "kamwene" nyingi, na matope hadi magotini.

Mchana ujumbe unaingia kwenye kundi la familia. Safari hii ni wa mama.

"Tumefika. Jana tulilala Makambako. Baba yenu ndiye aliyegeuza gari."