Testa Inawaka, Soketi Imekufa

Soketi ya sebuleni haitoi umeme, taa zinawaka kama kawaida. Anaitwa kijana wa mtaani mwenye testa. Anaichomeka kwenye tundu, kitaa chake kinawaka, anasema moto upo, mbovu ni pasi yenu. Pasi inahamishiwa chumbani, inapata moto vizuri. Ubishi wa namna hii ni wa kawaida katika nyumba za Kilindoni, Kirongwe na Utende kisiwani Mafia, na kijana hakusema uongo, wala mwenye pasi hakusema uongo.

Umeme wa volti 230 unaoingia nyumbani hufanya kazi kwa kwenda na kurudi. Waya wa fezi unauleta, waya wa niutro unaurudisha, na wa tatu, ethi, upo kwa ajili ya kumlinda mtu. Testa ya bisibisi inatambua fezi tu: mkondo mdogo mno unapita kwenye kitaa, unapita mwilini mwa aliyeishika, unaishia ardhini. Haina habari na niutro. Niutro ikikatika, testa itawaka na hakuna kifaa kitakachofanya kazi. Tena, kama kuna kifaa kilichochomekwa na kuwashwa kwenye njia hiyohiyo, fezi itapita ndani yake na kutokea upande wa pili, na testa itawaka kwenye matundu yote mawili. Ukiona hivyo, niutro imekatika mahali fulani. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba soketi iliyokufa isishikwe kana kwamba haina umeme. Moto umo, umekosa njia ya kurudi tu, na mkono wako unaweza kuwa njia hiyo.

Hata hivyo, usikimbilie bisibisi. Yako mambo ya nje ya kuangalia kwanza. Kwa miaka mingi Mafia imepata umeme wake kutoka majenereta ya dizeli ya TANESCO yaliyoko kisiwani, nje ya Gridi ya Taifa, na kwenye mfumo mdogo kama huo volti hutikisika kwa urahisi. Nyumba nyingi zimeweka frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji. Volti ikishuka, au umeme ukikatika na kurudi, frijigadi hukaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kupita. Watu wengi wameita fundi ndani ya dakika hizo. Chomeka chaja ya simu moja kwa moja kwenye soketi bila frijigadi, nawe utajua kipi kimelala. Kisha fungua plagi ya kifaa chenyewe, maana plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Kuizungushia karatasi ya sigara ni kuondoa ulinzi pekee wa waya ule mwembamba wa kifaa.

Kama soketi zote zimekufa kwa pamoja na taa zinawaka, nenda kwenye boksi la breka. Taa na soketi huwa na njia tofauti, na penye kibreka chenye kitufe cha herufi T, hicho hukata mara kinapohisi umeme unavuja kwenda ardhini, kwa kawaida ukifika miliampea 30. Chomoa kila kitu nyumba nzima, kipandishe, halafu rudisha kifaa kimoja kimoja. Kitakachokiangusha ndicho kinachovujisha, mara nyingi birika, pasi au friji iliyopata unyevu. Kikigoma kupanda hata vitu vyote vikiwa vimechomolewa, uvujaji uko kwenye nyaya za nyumba, na hapo kazi ni ya fundi. Usikubali mtu akitoe kibreka hicho na kuunganisha moja kwa moja ili kukomesha usumbufu.

Ikibaki soketi moja au mbili tu zilizokufa, sasa tunaingia kwenye maradhi ya pwani hasa. Chumvi ya upepo wa bahari inaingia kila penye upenyo, na nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa pwani inayo chumvi ukutani tangu siku ya kwanza. Chumvi hufyonza maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, jambo la kawaida usiku hapa kwetu, chembe zake huyeyuka na kuwa maji ya chumvi. Fungua soketi ya miaka michache iliyo ukuta wa upande wa bahari uangalie nyuma: boksi la chuma limeshika kutu, skrubu zimeganda, na ncha za shaba zimeota ukungu wa kijani kibichi. Wakati mwingine utakuta na sisimizi wamehamia.

Ukungu ule haupitishi umeme vizuri kama shaba safi. Chukua birika la wati 2,000, linalovuta karibu ampea 9. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu tu kitageuza karibu wati 40 kuwa joto, yaani sawa na pasi ya kulehemu risasi iliyofichwa ukutani kila mnapochemsha chai. Plastiki inageuka rangi ya hudhurungi, skrubu inalegea zaidi, joto linaongezeka, mwishowe waya unakatika. Soketi inayonuka kuungua au iliyo ya moto ukiigusa iache kutumika leo hiihii.

Sisi wenyewe nasi tunaziua soketi. Chaja ya miguu miwili haiingii mpaka tundu la juu lisukumwe, basi tunachomeka kijiti au kifuniko cha kalamu. Tundu lile ni la ethi, na vifuniko vya ndani vimewekwa ili mtoto asifikie fezi. Kijiti kinavilazimisha, na miguu myembamba ya mviringo inapanua vishikio vilivyotengenezwa kwa miguu bapa. Baada ya muda plagi halali inacheza, inatoa cheche, na soketi inafanya kazi ukiegemeza kitu tu. Nunua adapta nzuri.

Jambo ambalo hata mafundi hulisahau ni kwamba soketi hurithishana waya. Iliyokufa inaweza kuwa nzima kabisa, na kiungo kilicholegea kikawa ndani ya iliyotangulia, ambayo inaendelea kufanya kazi. Kabla ya kuvunja ukuta, fundi afungue soketi nzima iliyo jirani, upande wa boksi la breka.

Kufungua kwenyewe kufanywe mein swichi ikiwa imezimwa. Testa ijaribiwe kwanza penye umeme kabla ya kuzima, kwa sababu testa mbovu nayo haiwaki. Rangi za waya zisiaminiwe peke yake: nyumba za zamani zina nyekundu kwa fezi na nyeusi kwa niutro, mpya zina kahawia na buluu, na zilizoongezwa vyumba zina mchanganyiko wa zote. Fundi awe na leseni ya EWURA, na mita ya LUKU pamoja na lakiri yake aziachie TANESCO. Mwambie akate ncha zilizoota kijani mpaka afikie shaba inayong'aa, aweke boksi la plastiki badala ya la chuma, na asirudishe skrubu zenye kutu. Ukiagiza soketi Kariakoo, taka yenye alama ya TBS, kwani ya bei ya chini mno ina vishikio vyembamba ambavyo chumvi ya Mafia itavimaliza upesi.

Akishamaliza, asiondoke baada ya kuonyesha testa inawaka. Achomeke birika lililojaa maji, lichemke mpaka mwisho, kisha alichomoe na aguse uso wa soketi na miguu ya plagi. Ikiwa ya moto, kuna skrubu haijakaza, na mein swichi izimwe tena.