Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Mabaharia wetu wa zamani walituachia wasia mfupi: usisafirie nyota ya mwenzio. Wao walinena habari za majahazi na pepo za misimu. Mimi leo nautumia wasia huo kwa wazee wetu wa pwani waendao London kuwatazama watoto wao, kisha wakashikwa na hamu ya kuvuka maji waingie Ufaransa.

Hamu hiyo siilaumu. London na Paris ni majirani. Treni ipitayo chini ya bahari, katika njia iliyofunguliwa 1994, huchukua saa mbili na kitu. Paris kuna msikiti wake mkuu uliofunguliwa 1926, na kuna jamaa zetu waliooa na kuolewa huko. Basi kijana humwambia mamake, "Mama, Jumamosi twende Paris, ni hapa tu." Lakini kijana huyo ana pasi ya Kiingereza. Yeye haombi viza, na aruhusiwa kukaa siku 90 katika kila siku 180. Mamake ana pasi ya Kenya. Nyota zao si moja.

Ndugu msomaji, viza ya Uingereza haifungui mlango wa Ufaransa. Ufaransa ni miongoni mwa nchi 29 za Schengen, umoja ulioitwa kwa jina la kijiji cha Luxembourg ulikotiwa saini mkataba wake 1985. Uingereza haikuingia humo kamwe, hata kabla ya kutoka katika Umoja wa Ulaya 2020. Kwa hivyo mama huyo ahitaji viza ya Schengen.

Na aiombe wapi? Mwenye kibali cha kuishi Uingereza huiomba London. Aliyekwenda kutembea tu, kwa kawaida hutakiwa aiombe anakoishi, yaani Kenya, kabla hajapanda ndege. Hapa ndipo wengi wakwamapo: Paris waikumbuka wakishafika London. Maombi hupokewa tangu miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90.

Pasi iwe haijapita miaka 10 tangu kutolewa, iwe na kurasa 2 tupu, na ibakie na miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko. Itakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ushahidi wa fedha na wa malazi. Akiwa atalala kwa jamaa, jamaa huyo aende ofisi ya meya wa mji wake achukue hati iitwayo attestation d'accueil. Karibu yetu ya pwani hutoka mdomoni. Karibu ya Ufaransa ina muhuri.

Hata viza ikipatikana, neno la mwisho ni la askari wa mpaka. Na wa Ufaransa yuko papo hapo stesheni ya St Pancras, London; aweza kumrudisha mtu kabla hajaiona treni. Huuliza: waenda kwa nani, kwa siku ngapi, utarudi lini? Karatasi ziwe mkobani, si ndani ya sanduku. Tangu 12 Oktoba 2025 umeanzishwa mtindo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya kupiga muhuri, na kompyuta ndiyo ihesabuyo siku. Siku ya kuingia na ya kutoka, zote zimo hesabuni.

Katika kikapu, sambusa za nyama ziacheni London. Vyakula vya nyama na maziwa vitokavyo Uingereza havikubaliwi kuingia huko. Na viza ya Uingereza itazamwe vyema kama yaruhusu kurudi. Wa kwenda Ireland naye ajue kuwa nchi hiyo haimo katika Schengen. Ina viza yake.

Dini yetu imemsahilishia msafiri: sala ya rakaa nne huiswali mbili. Sheria za mipaka hazina kukusuru. Lipungualo moja, safari imevunjika. Basi vijana wetu mlioko ng'ambo, kabla hamjakata tikiti, itazameni kwanza pasi ya mgeni wenu. Mzee aliyetoka Mombasa kwa furaha hastahili kurudishwa mlangoni mbele ya wajukuu zake.