Mashua Zaidi, Kipato Kidogo: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutoa Msaada

Hapa Maili Moja, Kibaha, hatuna bahari, lakini wavuvi wa Bagamoyo, Mafia na Rufiji ni ndugu zetu wa mkoa mmoja wa Pwani. Maombi ya mashua, mashine na nyavu huzifikia kamati za parokia na wafadhili wetu. Nia ni njema. Hata hivyo, kabla ya kuyapitisha, ipo hesabu tunayopaswa kuifanya.

Wataalamu huiita modeli ya kibayolojia na kiuchumi. Misingi yake iliwekwa mwaka 1954 na mchumi H. Scott Gordon wa Kanada, na kwa upande wa biolojia, Milner Schaefer wa Marekani. Huunganisha mambo mawili: kasi ya samaki kuongezeka, na gharama na mapato ya mvuvi.

Mfano wa kubuni

Tuchukue kijiji kimoja, baada ya samaki kuzoea idadi ya mashua zilizopo:

- Mashua 10: kila moja kilo 40 kwa siku, jumla 400.
- Mashua 20: kila moja kilo 30, jumla 600.
- Mashua 30: kila moja kilo 20, jumla 600.
- Mashua 40: kila moja kilo 10, jumla 400.

Tuseme mafuta, barafu, nyavu na ujira ni sawa na kilo 10 kwa kila mashua. Faida ya kijiji ni kilo 300, kisha 400, kisha 300, kisha sifuri. Kijiji chenye mashua 20 kikipewa 10 zaidi, kitavua kilo zilezile 600 na faida itapungua. Msaada wetu utakuwa umewapunguzia kipato tuliotaka kuwainua.

Hakuna mwenye kosa. Kila anayeingia huona faida yake. Hasara hugawanywa kwa wote.

Sera na haki

Hesabu hii husaidia kupanga idadi ya leseni na muda wa kufunga uvuvi. Mwaka 2008 Serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli kubwa baada ya mavuno kushuka. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Lakini modeli haisemi nani apumzike, wala watoto wake wale nini wakati huo. Hilo ni suala la haki, na ndipo mchango wetu unapohitajika. Pia takwimu mbovu huleta jibu bovu.

Tunazishauri kamati ziulize: mashua ziko ngapi? Kila moja ilipata kilo ngapi miaka mitano iliyopita, na sasa? Vikundi vya BMU, vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, vina la kusema. Kilo zikiwa zimepungua, tusaidie barafu, ukaushaji bora au kazi nyingine, si mashua.