Kinachojeruhi ni Kusimama Ghafla: Mafunzo ya Kitabibu kutoka Mbio za Formula 1

Msimu wa 2026 wa mbio za Formula 1 unapokaribia, mashabiki wana mengi ya kubishania. Timu zimeongezeka kutoka 10 hadi 11 kwa kuingia kwa Cadillac, Audi imechukua nafasi ya Sauber, na magari yote ni mapya, madogo na mepesi kuliko yale ya msimu uliopita. Wapo wanaouliza kama Lewis Hamilton atatwaa ubingwa akiwa na Ferrari. Wapo wanaotaka kujua ni timu gani itakayozimudu mapema kanuni mpya. Katikati ya ubishi huo hurudi swali la kila mwaka: magari yanayopita kilometa 300 kwa saa yana usalama gani kwa aliyeketi ndani yake?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba gari salama ni gari gumu lisilovunjika. Kitabibu, jibu hilo ni nusu ya ukweli. Chumba alichoketi dereva hakina budi kuwa kigumu, lakini sehemu nyingi zinazokizunguka zinatakiwa zipondeke na kuvunjika kwa mpangilio. Ili kuelewa sababu yake, ni vyema kwanza kuutazama mwili wenyewe.

Migongano mitatu katika ajali moja

Kasi peke yake haimjeruhi mtu. Abiria wa ndege husafiri zaidi ya kilometa 800 kwa saa huku akinywa chai. Jeraha hutokea pale kasi inapoondolewa ghafla. Tuseme gari linakwenda kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 katika kila sekunde. Likisimama ndani ya umbali wa meta 1, mwili wa aliyemo hubebeshwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Kichwa cha kilo 5 huwa kama mzigo wa kilo 100. Likisimama ndani ya sentimeta 10, nguvu hiyo hufikia takriban mara 200. Kasi ni ileile. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama. Na kasi ikiongezeka maradufu, nishati inayopaswa kufyonzwa huongezeka mara nne.

Katika ajali moja kuna migongano mitatu. Wa kwanza ni wa gari na ukuta. Wa pili ni wa mwili na mkanda, au na usukani endapo mkanda haukufungwa. Wa tatu hauonekani: viungo vya ndani hugonga kuta za mwili. Ubongo, unaoelea katika maji yake, hugonga fuvu. Moyo husukumwa mbele ilhali sehemu ya mshipa mkuu wa damu, aota, imeshikizwa kwenye uti wa mgongo, na mshipa huo unaweza kuchanika. Ndiyo maana majeruhi huweza kusimama na kutembea, bila tone la damu nje, na bado uhai wake ukawa hatarini.

Pua ya gari inayopondeka, pamoja na matairi yaliyopangwa mbele ya ukuta, kazi yake ni kurefusha umbali wa kusimama. Kanuni za 2026 zimeongeza kinga hiyo: pua inatakiwa ipondeke kwa hatua mbili, kwa kuwa ajali za miaka ya karibuni zilionyesha kuwa pua ikishang'oka katika mgongano wa kwanza, gari hubaki bila kinga katika mgongano unaofuata.

Shingo, kiungo kilichosahauliwa

Kwa miaka mingi mikanda ya madereva wa mbio ilishika kifua na nyonga barabara, lakini kichwa kilibaki huru. Gari liliposimama ghafla, kiwiliwili kilibaki kwenye kiti huku kichwa na helmeti, jumla ya kilo 6 au zaidi, vikirushwa mbele. Nguvu ikifika mara 50, mzigo huo ni sawa na kilo 300 zinazoning'inia shingoni. Kitako cha fuvu, mahali ambapo shina la ubongo na mishipa mikubwa ya damu hupita, hupasuka. Shina la ubongo ndilo linaloongoza upumuaji, hivyo kifo huweza kutokea papo hapo.

Jeraha la aina hiyo lilimuua Roland Ratzenberger huko Imola, Italia, tarehe 30 Aprili 1994, siku moja kabla ya kifo cha Ayrton Senna katika uwanja huohuo. Lilimuua pia Dale Earnhardt huko Daytona, Marekani, mwezi Februari 2001. Kinga yake ilikwisha kubuniwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, mhadhiri wa biomekanika katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, akishirikiana na shemeji yake, dereva Jim Downing. Kifaa hicho, HANS, ni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda na kuunganishwa na helmeti kwa kamba fupi, ili kichwa na kiwiliwili visimame pamoja. Madereva wengi walikilalamikia kuwa kinabana. Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003.

Historia hiyo ilijirudia kwa Halo, tao la titani linalozunguka kichwa cha dereva tangu 2018. Baadhi ya mashabiki walisema linaharibu sura ya gari, na dereva Romain Grosjean alikuwa miongoni mwa waliolipinga. Tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, gari lake lilipasua uzio wa chuma likiwa na kasi ya kilometa 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Halo ilizuia vyuma visimfikie kichwani. Alijitoa mwenyewe baada ya takriban sekunde 27 ndani ya moto, akiwa ameungua mikono. Baadaye alikiri hadharani kwamba Halo ndiyo iliyomwokoa.

Dakika za kwanza

Daktari alimfikia Grosjean mapema kwa sababu gari la matibabu hufuata nyuma ya magari ya mashindano katika mzunguko wa kwanza. Utaratibu huo una chimbuko chungu. Mwezi Septemba 1978 huko Monza, Italia, Ronnie Peterson alivunjika miguu katika ajali ya mwanzo wa mbio, na msaada ulichelewa kumfikia. Alifariki siku iliyofuata kwa sababu chembe za mafuta kutoka ndani ya mifupa iliyovunjika ziliingia katika damu na kuziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo. Sid Watkins, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa ameanza kusimamia huduma za afya za Formula 1 mwaka huohuo, alisisitiza kuwa daktari aliye na vifaa lazima awe nyuma ya magari tangu yanapoanza kukimbia.

Kutoka uwanjani hadi barabarani

Kanuni zinazomlinda dereva wa Ferrari ndizo zinazomlinda abiria wa daladala na wa bodaboda. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa huwa mzigo wa kilo 200 nguvu inapofika mara 20. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia. Kwa hiyo, penye kiti cha mtoto chenye mikanda, kitumike, na kila aliye kwenye gari lenye mikanda ajifunge, hata aliyeketi nyuma.

Helmeti nayo hulinda kwa njia ileile: povu lake la ndani hupondeka na kukipa kichwa sentimeta chache za kusimamia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na hatari ya jeraha la kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini isiyofungwa kamba ya kidevu hutoka kabla kichwa hakijafika chini, na iliyokwisha kupata pigo kubwa inapaswa kubadilishwa hata kama haina ufa, kwa kuwa povu lililopondeka halirudi katika hali yake.

Aliyepata ajali asivutwe wala kuketishwa kwa haraka, isipokuwa pana moto au hatari nyingine ya karibu. Shingo yake iachwe imetulia na upumuaji wake uangaliwe hadi msaada ufike. Na hata akisema hajambo, apelekwe hospitali akachunguzwe, kwani mgongano wa tatu hauachi alama juu ya ngozi.