Mzigo Ufike, na Punda Asife

Kabla jua halijachomoza, njia za kuteremkia mtoni katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zimeshajaa punda. Madumu ya manjano yananing'inia ubavuni mwao, na nyuma yao anafuata mama au mtoto mwenye fimbo. Maji yakishafika nyumbani, punda wale wale hupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Baadaye ni zamu ya kuni. Siku ya gulio hubeba ndizi, mihogo na mkaa. Na masika yakigeuza barabara za milima ya Tarime kuwa utelezi, lori likakwama na bodaboda ikashindwa kupanda, punda hupita.

Lakini hii ni nchi ya ng'ombe. Mahari ya Kikurya huhesabiwa kwa ng'ombe, heshima ya mji huonekana zizini, na shamba hulimwa kwa maksai. Punda hatajwi katika hesabu hizo. Mgeni akiulizia mifugo ya mji, atatajiwa ng'ombe, kisha mbuzi na kondoo. Punda atakumbukwa mwisho, kama atakumbukwa. Hata hivyo, mwondoe punda katika mji huo kwa wiki moja tu. Maji yatarudi kichwani mwa mama, gunia litarudi mgongoni mwa kijana, na binti atafika shuleni darasa limeshaanza. Ng'ombe ni akiba ya mji. Punda ndiye anayeuendesha siku kwa siku.

Kwa mwenye kipato kidogo, ni mnyama asiye na masharti mengi. Hutafuna majani makavu ambayo ng'ombe huyaacha, na huvumilia kiu. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ndama wengi, haumgusi. Mjane asiyeweza kununua maksai wawili anaweza kuwa na punda mmoja, akachota maji ya kwake na ya kuuza, akasomesha watoto.

Uvumilivu huo ndio pia unaomponza. Punda haonyeshi maumivu upesi, na sisi tumezoea kudhani kwamba asiyelia haumwi. Methali zetu zimemhukumu tangu zamani: shukrani ya punda ni mateke; punda haendi bila kigongo; punda afe, mzigo ufike. Waliomchunga kwa makini wanajua habari nyingine. Ng'ombe akishtuka hukimbia. Punda husimama, akakazia macho kilichomtisha, akapima kama njia ni salama. Hapo ndipo tunapomwita mkaidi na kumchapa. Mchungaji mwenye subira hushika kamba, hutangulia hatua chache, na punda humfuata.

Tuzungumzie mzigo wenyewe. Wataalamu wa ustawi wa wanyama hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda. Punda wetu wengi wana kati ya kilo 120 na 150, kwa hiyo stahili yao ni kilo 40 hadi 50. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu mawili, moja kila upande, yanamtosha. Manne ni kilo 80, na hayo ndiyo tunayoyaona kila siku. Gunia la mahindi la kilo 100 halipaswi kuwekwa juu ya mgongo wa punda mmoja hata kidogo. Mkokoteni mzuri unaovutwa na punda wawili kwenye njia tambarare hubeba zaidi ya hapo bila kuwaumiza, mradi kamba zisiwakate kifua.

Mgongoni nako kunahitaji matandiko. Gunia kuukuu lililojazwa majani laini, au blanketi lililokunjwa, huuzuia mzigo kukwaruza uti wa mgongo. Kidonda kilichoachwa wazi huvuta nzi, na kikiingia udongo kinaweza kuleta pepopunda, ugonjwa ambao punda huupata kwa urahisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Kazi yetu ni kuifikisha mtoni na kwenye mashine, mahali ambapo punda yupo.

Miaka ya karibuni punda amepata adui mwingine. Nchini China ngozi yake huchemshwa kutengeneza ejiao, bidhaa inayouzwa kama dawa na kirutubisho. Kwa jirani zetu wa Kenya, machinjio yaliyoruhusiwa kisheria yalichinja punda 301,977 kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, hivyo hakuna namna ya kufidia pengo hilo kwa haraka. Wizi uliongezeka, bei ikapanda, na wanawake wengi wakarudia kubeba kwa migongo yao. Kwa wilaya kama Tarime, inayopakana na Kenya kupitia Sirari, jambo hilo halikuwa mbali.

Tanzania ilitangaza Desemba 2022 marufuku ya miaka 10 ya kuchinja punda kwa biashara ya ngozi. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kuisitisha biashara hiyo barani kote. Ni ushindi unaostahili pongezi.

Kuna mahali ambapo punda ameshapewa nafasi yake. Katika kisiwa cha Lamu, ambako magari hayapiti vichochoroni, punda hubeba mawe ya kujengea, mchanga na abiria. Hospitali yake ipo tangu 1987, na siku za sherehe vijana hushindana mbio za punda mbele ya umati unaoshangilia. Watu wa Lamu humwona kuwa sehemu ya utamaduni wao. Punda wa Mara hufanya kazi ile ile, kwenye vilima vikali zaidi, bila shangwe.

Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuanza na hatua ndogo: punda ahesabiwe pamoja na mifugo mingine, atengewe dawa ya minyoo na chanjo, na afisa mifugo wa kata amkague siku ya mnada kama anavyomkagua ng'ombe. Viongozi wa vijiji wanaweza kuweka kanuni ya madumu mawili. Wazazi wanaweza kuwafundisha watoto wanaomswaga kwamba kipimo cha mchungaji bora ni punda asiye na kidonda.

Marufuku ya ngozi itafikia ukomo mwaka 2032. Wafanyabiashara watarudi na fedha mkononi, na mwenye mji ndiye atakayejibu. Atamkatalia mnunuzi ikiwa leo anajua thamani ya mnyama aliye naye. Tuanze kumtaja punda katika hesabu ya mali zetu, na tumtaje mapema, kabla hajaja mtu wa kututajia bei ya ngozi yake.