Magofu ya Kilwa si ya kupigia picha tu

Kutembea kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Hata hivyo, kuona si kusoma. Siku tulipozuru Kilwa Kisiwani, nchini Tanzania, sisi walimu pamoja na wanafunzi kutoka Kenya, wengi walipiga picha kisha wakaharakisha kurudi mashuani.

Kumbe kuta zile ni kitabu! Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika la pembe nane. Ibn Battuta aliuzuru mji huo mwaka 1331, ukiwa umetajirika kwa dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno wakaupora.

Hayo mwanafunzi huyakariri darasani. Asiloulizwa ni hili: ni nani waliochonga matumbawe hayo? Sarafu za Kilwa zimehifadhi majina ya masultani; mafundi hatuwajui.

Walimu wenzangu, kabla ya safari mpeni kila mwanafunzi swali moja, alitafutie jibu pale pale magofuni na kuliandika mwenyewe. Hapo nauli waliyojinyima wazazi haitakuwa imepotea bure.