Mbwa Mzee wa Nyumbani Anapokufa



Injili ya Dominika hii ya 26 ya Mwaka C yatuweka mlangoni pa tajiri, pale alipolazwa maskini Lazaro mwenye vidonda. Tumezoea kuhubiri juu ya tajiri, tena juu ya Lazaro. Ni mara chache tunawataja mbwa waliokuja wakamlamba vidonda vyake. Ama walimfariji, ama walimwongezea adha, Mtakatifu Luka hasemi. Ila hamtaji kiumbe mwingine yeyote aliyemkaribia. Leo tutaanza kwa mbwa hao, kwa sababu ya jambo tulilolikuta Usangi, katika milima ya Upare ya kaskazini.

Tulikwenda kumpelekea Komunyo bibi mmoja, mjane, anayeishi peke yake upande wa msitu wa Kindoroko. Wanawe wote wako mijini, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za milimani. Tulipoingia uani hatukusikia kubweka. Mbwa wake alikuwa amekufa siku nne kabla, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Karibu na mafiga palikuwa na bakuli la bati lililojaa makande. Bibi aliona haya tulipolitazama. Alieleza kwamba mkono umezoea: kila jioni anapopakua chakula chake, hupakua na cha mbwa. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini, “Baba Padri, ni dhambi kumlilia mbwa?” Jamaa yake mmoja alikuwa amemcheka, akisema kwamba watu wanakufa kila siku, na yeye analilia mnyama.

Swali lile halikuwa la kipuuzi. Anayeishi mjini aweza kudhani kwamba mbwa ni pambo la geti. Kule mlimani mbwa ni mtumishi. Nyani na kima hushuka kutoka msituni wakaingia katika mahindi na migomba, na nguruwe mwitu huja usiku. Mtu mzee asiyesikia vizuri hutegemea masikio ya mbwa wake kujua nani anakuja. Kwa hiyo mbwa anapokufa, si mapenzi tu yanayokatika, bali na utaratibu wa siku nzima: saa ya kuamka, ya kufunga mlango, hata kiasi cha chakula cha kupika. Tena mbwa yule aliletwa nyumbani na marehemu mume wa bibi, angali mtoto wa mbwa mwenye kubebwa kapuni. Mbali na bibi mwenyewe, alikuwa kiumbe hai wa mwisho pale nyumbani aliyeitambua sauti ya mzee yule. Bibi alikuwa analia vilio viwili kwa wakati mmoja, na kile cha pili jamaa yake hakukiona.

Je, Kanisa lasemaje? Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, kwamba yatupasa kuwatendea kwa wema, na kwamba inaruhusiwa kuwapenda. Ila tusiwape pendo lile ambalo ni haki ya binadamu peke yao, wala tusiwatumie fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu za watu. Kwa hiyo jamaa yule alikuwa na nusu ya ukweli. Mtu anayemlisha mbwa nyama huku akimruka Lazaro mlangoni, amepotea. Lakini sisi tulimwuliza jamaa huyo, kwa upole, ni lini mara ya mwisho alikwenda kumjulia hali bibi. Alinyamaza.

Maandiko Matakatifu nayo hayaoni haya kumtaja mbwa. Katika Kitabu cha Tobiti, ambacho ndugu zetu Walutheri wengi hawanacho katika Biblia zao, kijana Tobia anasafiri pamoja na malaika Rafaeli, na mbwa anafuatana nao. Wanaporudi nyumbani, mbwa yupo tena. Mwandishi hakumpa kazi yoyote katika safari ile. Yupo tu, kama mbwa walivyo. Naye Nabii Nathani, alipotaka kuuchoma moyo wa Mfalme Daudi, alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi hakucheka. Alikasirika kwa ajili ya maskini yule.

Wapo wanaouliza kama watamkuta mbwa wao mbinguni. Seminarini tulifundishwa, kwa kumfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba uhai wa mnyama hukoma pamoja na mwili wake. Hata hivyo Mtakatifu Paulo, katika sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, asema kwamba viumbe vyote vyangojea kuwekwa huru. Na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, aliandika kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe kitakuwa na mahali pake, kikiwa kimegeuzwa na kung’arishwa. Basi mtoto akiuliza, tumwambie kwamba Mungu hasahau kitu alichokiumba. Tusimwambie kwamba mbwa amesafiri. Mtoto atakaa njiani akimngoja.

Kuna jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Mbwa wengi wazee hawafi kwa uzee. Hufa kwa kitanzi, kwa marungu au kwa sumu, mara nyingi watoto wakitazama. Mbwa akiwa katika maumivu yasiyo na dawa, si kosa kuyakatisha. Lakini aitwe afisa mifugo, afanye kwa dawa yake. Mbwa mpole akibadilika ghafla, akawa mkali au akatoka mate mengi, asishikwe: yaweza kuwa kichaa cha mbwa, na aliyeng’atwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, akimbie hospitali. Mzoga usitupwe korongoni wala karibu na ndiva na mifereji, kwa maana maji yale yanateremka kwa wenzetu wa chini. Uzikwe shimoni, kwenda chini kwa kina. Misa ya marehemu haiombwi kwa ajili ya mbwa (tumewahi kuletewa nia hiyo). Kumshukuru Muumba kwa kiumbe alichotupa kwawezekana, hata pale kando ya shimo.

Mbwa wa bibi alizikwa chini ya mparachichi. Aliyechimba ni jirani yake, mzee Mwislamu, ambaye kwa sheria ya dini yake hujitenga na mate ya mbwa. Alikuja na jembe lake bila kuitwa. Baada ya kufukia, alimkumbusha bibi kwamba hata katika Kurani, katika Sura ya Pango, yupo mbwa aliyelala kizingitini, akiwa pamoja na vijana waliomkimbilia Mungu.

Sisi tulimwambia bibi kwamba si dhambi. Kisha tuliwaomba wanajumuiya wa jirani wapange zamu ya kupita kwake jioni. Tulipopanda tena mwezi uliofuata, bakuli la bati lilikuwa limeoshwa na kufudikizwa ukutani. Makande yalikuwa yanachemka, na msichana wa jirani alikuwa ameketi karibu na moto akifanya kazi ya shule, kwa kuwa siku hizi hulala pale.